Ukaimu wa Ruta

Kila kompyuta ya ofisi hupewa anwani ya mlango mmoja wa kutokea. Ofisa wa leseni mjini Sumbawanga akiomba namba ya malipo, ombi lake hupitia mlango huo, yaani ruta, ndipo liufikie mfumo ulioko mamia ya kilomita kutoka Ufipa, uwanda ulipo mji huo. Ruta ikizima, foleni dirishani huambiwa mtandao unasumbua. Hata kama ruta ya pili ipo pembeni, nzima na taa zinawaka, kompyuta haziijui. Zimefundishwa mlango mmoja tu.

Tatizo hilo lilipatiwa dawa iliyochapishwa mwaka 1998. Machi ulitoka waraka kuhusu itifaki ya kampuni ya Cisco iitwayo HSRP. Aprili ikafuata VRRP, ambayo ni kiwango cha wazi kwa watengenezaji wote. Wazo ni lilelile: ruta mbili zinashiriki anwani moja ambayo kompyuta zote zinaitumia kama mlango. Katika VRRP, ruta yenye zamu hutangaza kila sekunde kwamba ipo. Nyingine husikiliza, basi. Tangazo lisiposikika kwa sekunde tatu na ushei, msikilizaji hushika anwani ile na kuziarifu swichi kwamba mlango sasa uko upande wake. Kila ruta ina daraja, kuanzia 1 hadi 254; isipopangiwa, hupewa 100. Mwenye daraja kubwa ndiye hushika zamu, na akipona huirudisha mikononi mwake, isipokuwa fundi amemzuia.

Itifaki za aina hii tuziiteje kwa Kiswahili? Wapo wanaopendekeza uziada, lakini uziada unanuka ubadhirifu. Mhasibu wa halmashauri akiliona neno hilo kwenye bajeti atalikata kwanza. Urudufu unatupeleka kwenye mashine ya kunakili mitihani. Akiba ni neno zuri, tena tumelizoea: mchezaji wa akiba, tairi la akiba, Jeshi la Akiba. Lakini mchezaji wa akiba huingia uwanjani na namba yake mgongoni, ilhali ruta ya pili inaingia na namba ya yule aliyetoka.

Kwa hiyo nachagua ukaimu. Mkurugenzi akisafiri, kaimu wake hukaa kwenye meza ileile, hupokea barua zilezile na kutia saini kwa mamlaka ya ofisi. Aliyeandika barua hahitaji kujua nani yupo. Ndivyo ilivyo hapa: itifaki ya ukaimu wa ruta, yenye ruta ya zamu, ruta kaimu, na anwani ya cheo ambayo kompyuta zote huiandikia. (Tofauti ni kwamba ruta haidai posho ya kukaimu.) Wataalamu wa lugha watanilaumu kwa kuacha kipanga njia; mafundi wanasema ruta, nami nawafuata. Na toleo la VRRP la mwaka 2024 limeacha kuiita ruta kuu bwana, likaiita inayofanya kazi. Zamu inaingia hapo bila kulazimishwa.

Neno hili linaeleza hata magonjwa ya mfumo. Waya kati ya ruta mbili ukikatika, kaimu hudhani mwenye zamu hayupo, na ofisi ikapata wakuu wawili kwa wakati mmoja.

Ila ukaimu hauzidi mipaka ya ofisi, na Ufipa inalionyesha hilo vizuri. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilipata umeme kutoka Zambia, kwa laini ya kilovolti 66 inayotoka Mbala, ikisaidiwa na mashine za dizeli za TANESCO. Umeme ukikatika, ruta mbili kwenye soketi moja huzima pamoja. Njia za nje nazo si nyingi: uwanda wa juu umekaa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na barabara kuu huelekea Tunduma upande mmoja na Mpanda upande mwingine. Ruta zote mbili zikitegemea waya mmoja ulioufuata mtaro mmoja, katapila moja inatosha. Kaimu atashika ofisi isiyo na mlango. Ndiyo maana Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulijengwa kwa mizunguko, ili upande ukikatika data izunguke upande wa pili. Hata hivyo, tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikayumba nchi nzima.

Ofisa TEHAMA anayetaka kuagiza ruta ya pili na aanze kwa kumuuliza mtoa huduma: waya wako unapita barabara ipi, na wa mwenzako unapita ipi? Jibu likiwa ni Tunduma kwa wote wawili, fedha hiyo ikalipie kwanza njia ya Mpanda au ya setilaiti.