Kikombe cha Mfaransa

Nilipokuwa mdogo huku Kiswere, maji yakitoka tulikuwa tukiokota vigae pwani, tukavifanya sahani za harusi. Tulivyovigombania ni vile vyeupe vyenye maua ya buluu. Bibi alikuwa akisema, "Hivyo vya Mchina, wajukuu zangu." Basi nikajua vyombo vyote vizuri duniani vyatoka China.

Kumbe Wafaransa nao waliihusudu kaure ya Mchina. Kiwanda chao cha Vincennes kilihamia Sèvres mwaka 1756, na mwaka 1759 Mfalme Louis XV akakifanya mali yake. Mwanzoni hawakuwa na ule udongo mweupe wa Mchina, wakaungaunga tu, mpaka ulipogunduliwa karibu na Limoges katika miaka ya 1760. Lakini kwa rangi, bwana, walikuwa mabingwa! Buluu ya mbingu, waridi, kijani, kingo za dhahabu, na katikati shada la maua au ndege aliyechorwa kwa mkono. Kikombe kimoja huingia tanuruni mara kadhaa, na kila mara chaweza kupasuka.

Msomaji utauliza, yatuhusu nini sisi watu wa Kilwa? Yatuhusu sana. Vikombe hivyo ni vya kunywea kahawa, na kahawa nyingine ya Wafaransa ilitoka kisiwa cha Bourbon, ambacho siku hizi ni Réunion. Nani aliichuma? Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa: kila mwaka auziwe watumwa 1,000, kichwa kimoja piasta 20, na Sultani apate piasta 2 zake juu ya kila kichwa. Mkataba wa miaka 100, jamani! Watu waliteremshwa pwani kwa miguu kutoka bara, wakapakiwa merikebuni kwenda Bourbon na Mauritius. Sultani wetu hapo simtetei.

Sasa kigeuze kikombe cha Sèvres. Chini mna L mbili zilizofungamana, alama ya mfalme, na herufi ya mwaka. Ya 1776 ni Y. Mara nyingi ipo na alama ya fundi aliyechora maua, na wengi wao wataalamu wanawajua kwa majina hadi leo. Mkataba wa Kilwa una jina la Morice na la Sultani. Wale 1,000 ni hesabu tu.

Katika riwaya ninayoiandika nimeanza kuwapa majina. Nimefika mtu wa saba.