Ardhi ya Ukoo na Haki ya Mwanamke: Fundisho la Muleba
Kwa mila za Wahaya mwanamke aliweza kuitumia ardhi ya ukoo, si kuiuza. Agosti 1988 Bi. Holaria Pastory, mzee asiye na wa kumtunza, aliuza kwa shilingi 300,000 shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake. Kesho yake mpwa wake alifungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba. Kutetea shamba, ukoo ulikuwa mwepesi! Alishinda, Mahakama ya Wilaya ikatengua. Februari 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inapingana na haki zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Mpwa aliachiwa nafasi ya kulikomboa shamba kwa kurudisha bei. Tunaona uzito upo hapo: ukombozi wa ardhi ya ukoo ulibaki, ubaguzi ukafutwa, na fedha za uzeeni zikabaki za mama mwenyewe.