Maongozi ya Mungu

Maongozi ya Mungu ni fundisho la Kikristo kwamba Mungu huvitunza viumbe vyake kwa ukarimu na upendo usiokoma, hivyo muumini aweza kumtegemea hata asipojua kesho italeta nini. Msingi wake ni Mathayo 6:25–34 na Warumi 8. Lilielezwa rasmi katika Katekisimu ya Heidelberg (1563) na Mtaguso wa Kwanza wa Vatikani (1870).

Fundisho hili mara nyingi hudhaniwa kuwa ahadi ya kuepushwa na shida. Maandiko yenyewe yanakataa. Shomoro wa Mathayo 10:29 anajulikana na Mungu, na bado anaanguka chini. Paulo anataja njaa, uchi na upanga kuwa mambo yanayoweza kumpata mpendwa wa Mungu bila kumtenga naye. Wafia dini waliochomwa Namugongo, Uganda, mwaka 1886 hawakuepushwa na moto. Kinachotegemewa, basi, ni mtunzaji, si matokeo.

Wapinzani husema imani hiyo huzaa uvivu. Lakini Paulo alishona mahema (Matendo 18:3), na Yakobo 2:15–16 inamkemea anayemwombea heri mwenye njaa bila kumpa chakula. Wala utunzaji wa Mungu haufungwi na jengo la kanisa: Saudi Arabia haina makanisa, na Wakristo wahamiaji husali faraghani. Wakatoliki wa huko wako chini ya Vikariati ya Kitume ya Kaskazini mwa Arabia, ambayo kanisa kuu lake liko Awali, Bahrain. Pingamizi gumu zaidi, mateso ya asiye na hatia, Kitabu cha Ayubu hakilimalizi.