Elimu ya umma, Kata ya Berega

Berega ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, katika nchi ya Wakaguru. Shule zake za serikali zinamilikiwa na Halmashauri ya Wilaya iliyo chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Afisa Elimu Kata hufuatilia ufundishaji. Shule ya msingi ina kamati yenye wazazi na walimu, na sekondari ina bodi. Kamati haiajiri wala haifukuzi mwalimu. Nidhamu ya walimu husimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu.

Ada ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukaondoa michango ya lazima. Ruzuku ya serikali ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka: 4,000 za vitabu hubaki serikalini, 6,000 huenda shuleni. Shule ya watoto 500 hupata basi shilingi 250,000 kwa mwezi, za chaki, karatasi za mitihani na bawaba za milango. Ni kidogo mno. Chakula cha mchana hutegemea mahindi na maharage ya wazazi, na mwaka wa njaa sufuria hukaa tupu.

Ufaulu hupimwa na Baraza la Mitihani (NECTA) katika darasa la nne, la saba na kidato cha nne. Tangu Januari 2023 baraza hilo halitangazi tena shule bora kitaifa, uamuzi wa haki kwa shule za vijijini zilizokuwa zikishindanishwa na za bweni za mijini.