Majumba ya Nairobi: Tarehe ya Kilima na Tambarare

Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa, ilifika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwezi Mei 1899, na tangu hapo umbo la ardhi ndilo lililoamua nani akae wapi. Upande wa mashariki ni tambarare ya udongo mweusi mzito, unaonata na kutuamisha maji wakati wa masika. Upande wa magharibi nchi huinuka, udongo huwa mwekundu, maji hupata mahali pa kutiririkia na hewa huwa ya baridi. Wakuu wa reli walijenga nyumba zao juu ya mwinuko ulioitwa Kilima, ilhali vibarua na mafundi, wengi wao wakiwa wametoka Bara Hindi, walibaki chini karibu na karakana. Kwa hiyo anayezuru majumba makubwa ya mji huu hana budi kuyatazama pamoja na tambarare iliyoyagharimia kwa kodi na jasho.

Jumba la kwanza kwa cheo ni Ikulu, yaani makao rasmi ya mkuu wa nchi, iliyojengwa mwaka 1907 kwa ajili ya gavana wa Uingereza katika himaya ya Afrika Mashariki. Usanifu wa jumba la sasa hunasibishwa na Herbert Baker, ambaye majengo yake ya serikali yamekalia vilima vya Pretoria na New Delhi, na ambaye Gavana Edward Grigg alimwalika Kenya katika miaka ya 1920. Shule iliyoko kando ya barabara ya kwenda Kabete, ambayo leo ni Nairobi School, ni kazi yake vilevile. Safu za nguzo nyeupe na bustani pana zilikusudiwa kumfanya mgeni aione dola kabla hajamwona gavana. Baada ya uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963 jumba likawa la rais, ingawa Jomo Kenyatta alipenda kulala nyumbani kwake Gatundu badala ya humo.

Chini ya Kilima, katika barabara ambayo leo huitwa Kenyatta Avenue, yapo majengo mawili ya mwaka 1913 yanayoonyesha jinsi utawala ulivyomgusa mtu wa kawaida. La kwanza, lililokuwa ofisi ya mkuu wa jimbo, ndilo lililotumika kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, na sasa ni Nairobi Gallery, inayohifadhi mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. La pili ni Kipande House, jengo la mawe lenye mnara, lililojengwa na Gurdit Singh Nayar. Humo Waafrika waliandikishwa na kupewa kipande, yaani hati yenye alama za vidole na kumbukumbu za ajira, ambayo mwanamume alilazimika kuivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyopingwa na mwanaharakati Harry Thuku, na alipokamatwa mwezi Machi 1922 umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi, mkabala na hoteli ya Norfolk, ukafyatuliwa risasi, na Muthoni Nyanjiru akawa mmoja wa waliouawa.

Mbali zaidi magharibi, chini ya vilima vya Ngong, ipo nyumba iliyojengwa mwaka 1912, yenye kuta za mawe ya kijivu, paa la vigae na veranda inayoelekea vilima hivyo, ambamo mwandishi Karen Blixen wa Denmark aliishi tangu 1917 hadi 1931. Kahawa aliyolima haikustawi vizuri katika mwinuko ule, shamba likauzwa, na maskwota, yaani familia za Wakikuyu zilizoruhusiwa kulima vishamba humo kwa malipo ya kufanya kazi, walikabiliwa na kuhamishwa. Blixen alihangaika mpaka serikali ikakubali wapewe mahali pa kukaa pamoja. Nyumba hiyo ni makumbusho ya taifa tangu 1986.

Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa katikati ya mji mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya tajiri Northrup McMillan, inakamilisha hoja. Simba wa mawe wanaulinda mlango wake, lakini Waafrika hawakuruhusiwa kuingia kusoma hadi 1958. Uzuri wa majengo haya si wa kukanwa, kwa kuwa mikono ya mafundi na vibarua wa Afrika na Asia ndiyo iliyochonga na kubeba mawe yake. Jambo la haki ni kwamba kila jumba lieleze waziwazi, pamoja na jina la mwenyewe, ni nani waliolijenga na ni nani waliozuiwa mlangoni, ili mtoto wa Eastlands, mitaa ya tambarare ya mashariki, anayepanda kulizuru ajue kwamba anaingia katika urithi wake mwenyewe.