Mahari, Mshahara na Matunzo ya Mtoto

Ndoa ivunjikapo watu huuliza maswali mengi: nani aliyekosa, nani atakayehama, mali itagawanywaje. Wakati wazee wakibishana, tumbo la mtoto haliahirishi njaa yake, wala shule haiahirishi karo yake. Basi nataka tutazame pamoja jinsi sisi watu wa Kakamega, tangu siku za mababu hata leo, tulivyolijibu swali moja: ni nani atakayemlisha na kumsomesha mtoto ambaye wazazi wake wameachana?

Hapo kale katika nchi ya Waluhya ndoa ilifungwa kwa mahari, nayo mahari ilikuwa ng'ombe. Mume aliyekwisha kuitoa ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenye watoto. Ndoa ilipovunjika, wazee waliketi barazani wakahesabu ng'ombe waliotolewa na watoto waliozaliwa. Kadiri watoto walivyokuwa wengi, ndivyo ng'ombe wa kurudishwa kwa mume walivyopungua. Mtoto mchanga alikaa na mama yake mpaka alipopata nguvu, kisha akarudishwa kwa baba. Huko aliwakuta nyanya yake, baba zake wadogo na shangazi zake, na shamba, na ghala la wimbi. Ghala hilo ndilo lililokuwa matunzo yake, na kwa hiyo hapakuwa na haja ya kudai fedha. Hata hivyo usidhani kwamba desturi hiyo haikuwa na machungu. Mama aliondoka mikono mitupu, na mtoto hakuulizwa moyo wake ulitaka nini.

Ukaja wakati mwingine. Kodi ya serikali ya kikoloni iliwatoa wanaume vijijini kwenda kutafuta mshahara relini, katika mashamba ya walowezi na Nairobi. Mwaka 1931 dhahabu ikavumbuliwa Kakamega, na kazi ya mshahara ikafika mlangoni petu. Mji ulipokua, watu walianza kuishi katika vyumba vya kupanga, kama wengi waishivyo leo hapa Amalemba. Ng'ombe huonekana na kila mtu malishoni. Mshahara hukaa mfukoni, na mwenyewe akitaka huuficha. Ndoa ilipovunjika mjini, mara nyingi watoto walibaki na mama chumbani, baba yuko kazini mbali, na ghala la ukoo liko mwendo wa siku nzima.

Sheria ilijibu polepole, tena kwa upendeleo. Sheria ya mwaka 1941 juu ya talaka iliiwezesha mahakama kuamuru matunzo ya watoto, lakini iliwafaa waliooana kwa ndoa ya mke mmoja iliyoandikishwa. Waliooana kwa mila walipeleka mashauri yao katika mahakama za Waafrika, na huko hesabu ilikuwa bado ni ya ng'ombe. Mwaka 1959 ilitungwa sheria nyingine iliyompa mama asiyeolewa haki ya kumshtaki baba wa mtoto ili atoe fedha za matunzo. Haikudumu. Mwaka 1969 Bunge liliifuta, baada ya wabunge kulalamika kwamba wanawake waliitumia vibaya. Angalia, msomaji: watu wazima walishindana, na haki iliyopotea ilikuwa ya mtoto, ambaye hakuwa na kiti Bungeni.

Miaka zaidi ya thelathini ikapita. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikusanya mambo ya watoto mahali pamoja, lakini bado ilimtwika mama peke yake wajibu wa kwanza wa mtoto ambaye wazazi wake hawakuoana. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, ndiyo iliyokata shauri: baba na mama wana wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikaufuata msingi huo.

Leo wazazi walioachana wanaweza kupatana kwa maandishi, wakisaidiwa na afisa wa watoto: nani atalipa karo, nani chakula, nani kodi ya nyumba na dawa. Wasipopatana, mahakama hupima mapato ya kila mmoja na mahitaji ya mtoto, kisha hutoa amri. Mama naye hupimwa, kwa kuwa wajibu ni wa wote wawili. Mwenye uwezo mkubwa hubeba zaidi.

Tazama basi njia tuliyoipita. Barazani mwa wazee swali lilikuwa, "Mtoto huyu ni wa nani?" Mahakamani leo swali ni, "Mtoto huyu anastahili nini?" Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Sheria imejaribu kuzijengea nyasi ua. Lakini ua haumwagilii maji. Fedha iliyoandikwa katika amri haimshibishi mtoto mpaka itoke mkononi mwa mzazi, mwezi baada ya mwezi. Wewe usomaye leo utakuwa mzazi kesho, na kazi hiyo itakuwa yako.