Wamama wa ufukoni na mkopo mdogo: namna kikundi cha akiba kinavyofanya kazi kwenye maziwa yetu

Toka Kalemie mpaka Uvira kwenye Ziwa Tanganyika, toka Bukavu mpaka Goma kwenye Ziwa Kivu, na juu zaidi kule Vitshumbi na Kyavinyonge kwenye Ziwa Edward, kazi ya samaki imegawanyika namna moja: wanaume wanaingia ziwani, wamama wanapokea ufukoni. Mvuvi akishusha samaki, yake imekwisha. Ya mama inaanza saa ile ile: kununua, kuchagua, kuosha, kuanika ao kukausha kwa moshi, kubeba mpaka sokoni, kuuza, na kurudi na feza ya kununua tena kesho.

Samaki hangoji. Ndagala wa Tanganyika, na sambaza wa Kivu ambaye asili yake ni huko huko Tanganyika (alihamishwa mwishoni mwa miaka ya 1950), ni samaki wadogo. Saa chache za joto zinatosha kuwaharibu. Mama ambaye hana feza mkononi wakati mitumbwi inapofika ana njia chache. Anaweza kuchukua samaki kwa deni, na mwenye mtumbwi ndiye atapanga bei. Anaweza kwenda kwa mkopeshaji wa mtaa. Njia nyingine ni kuutoa mwili wake ili apate beseni ya samaki. Upande wa Kenya, kwenye Ziwa Victoria, desturi hii ina jina, jaboya, na serikali na makanisa wanaizungumza wazi. Kwetu hatuitaji mimbarani, lakini mchungaji yeyote wa mwambao anajua tunasema nini. Basi tunapoongea juu ya mtaji mdogo wa mama muuza samaki, haifai tuone ni jambo la uchumi peke yake.

Kule Nduru, karibu na Kisumu, wamama walianza mwaka 2011 kupata mitumbwi yao wenyewe na kuwaajiri wanaume wa kuvua, ili samaki wawe wao tangu ziwani. Wazo lilikuwa zuri na kwa muda lilisaidia. Lakini mtumbwi wa mbao unachakaa, unadai matengenezo kila mara, na mwaka 2020 mafuriko ya ziwa yaliharibu kijiji chenyewe. Kila mradi unaonunua chombo bila kuweka feza ya kukitengeneza unafika hapo, hata bila mafuriko.

Mkopo mdogo kama tunavyousikia leo ulijulikana dunia nzima kupitia Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi wa Bangladesh, aliyeanza mwaka 1976 kukopesha watu wa kijiji cha Jobra. Benki yake, Grameen, iliundwa mwaka 1983, na mwaka 2006 yeye na benki walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kiisha sifa zikazidi ukweli. Mwezi wa kwanza 2015 watafiti walichapisha pamoja majaribio sita, ya Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, wakaona kwamba mikopo hiyo inawapa watu nafasi zaidi ya kupanga kazi na matumizi yao, lakini kwa wengi haikuongeza mapato kwa kiasi kikubwa. Makanisa yetu yakumbuke jambo hilo kila mara mgeni anapokuja na mradi akiahidi kwamba ndani ya mwaka mmoja umaskini utakwisha.

Njia iliyoshika mizizi zaidi kwetu haitoki benki. Ni kikundi cha akiba cha kijiji, ambacho wengi wanakiita kwa kifupi cha Kifaransa, AVEC. Namna hii ilianza Niger mwaka 1991, eneo la Maradi, kwa msaada wa shirika la CARE. Wanachama ni kati ya 15 na 25, wanaojuana na kuchaguana wenyewe. Wanakutana kila juma. Kila mmoja ananunua hisa, toka moja mpaka tano, na kila hisa inapigwa muhuri katika kitabu chake, hata asiyesoma aweze kuhesabu. Feza inawekwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu ambao si mtunza sanduku.

Tuchukue mfano. Wamama 20 wanapanga hisa moja kuwa franka 2.000, na kila mmoja ananunua hisa tatu kila juma. Juma moja linaleta franka 120.000, majuma kumi yanaleta 1.200.000. Mama mmoja hapo ameweka 60.000, na kufuatana na kanuni ya kawaida anaweza kukopa mara tatu ya akiba yake, maana yake 180.000. Kwa faida ya asilimia 5 kwa mwezi, ataongeza 9.000 kila mwezi, na mkopo usipite miezi mitatu. Hesabu hii inaonyesha pia mpaka wake: sanduku la 1.200.000 linatosha wamama sita kwa kiasi hicho, si wote 20 mara moja. Hapo ndipo ugomvi wa kwanza unazaliwa, na ni afazali zamu ipangwe mbele ya feza kujaa.

Mwisho wa mzunguko, miezi tisa mpaka kumi na mbili, wanafungua sanduku na kugawana yote, akiba pamoja na faida, kulingana na hisa. Hiyo ndiyo tofauti na likelemba. Katika likelemba feza inazunguka toka mkono mpaka mkono na haizai kitu. Aliyepokea wa kwanza amefaulu, wa mwisho anaomba Mungu wenzake wasihame. Kivu ya Kusini inajua pia MUSO, ambazo zinatenganisha feza katika masanduku matatu ya rangi: la kijani kwa mikopo, la nyekundu kwa ugonjwa na msiba, la buluu kwa feza inayotoka nje. Tunapenda hekima ya lile la nyekundu. Mtoto wa mama akilazwa bila sanduku la msiba, mtaji wa samaki ndio unalipa dawa, na biashara inakufa pamoja na homa.

Mikopo mingi ya mwambao inavunjika kwa sababu ya mwezi wa angani. Ndagala na sambaza wanavuliwa usiku kwa mwanga: zamani karabai, siku hizi mara nyingi taa za betri. Taa inavuta samaki wakati wa giza. Mbalamwezi ikijaa samaki wanatawanyika, wavuvi wengi wanavuta mitumbwi nchi kavu, na kwa karibu juma zima ufuko hauna kazi. Mama anayepaswa kurudisha kiasi kile kile kila juma atalipa vizuri wakati wa giza, kisha mbalamwezi itamkuta hana kitu, naye atakopa kwingine ili alipe. Karani aliyepanga ratiba hiyo mjini hakuuliza. Kikundi cha wamama wenyewe kinajua, na kinaweza kupanga marejesho yaanguke mwisho wa siku za giza, feza ikiwa ingali mfukoni, na juma la mbalamwezi likawa la kununua hisa moja tu.

Mvua ni adui wa pili. Ndagala walioanikwa mchangani wanahitaji siku kadhaa za jua, na wakilowa wanaoza ao wanageuka chakula cha kuku. Burundi, kwenye ziwa letu hili hili, shirika la FAO lilileta tangu 2004 vichanja vya wavu vilivyoinuliwa karibu metre moja toka chini. Hewa inapita juu na chini, samaki wanakauka ndani ya siku moja ya jua kali badala ya siku tatu, hawana mchanga, na sokoni wanapata bei nzuri zaidi. Kwa kukausha kwa moshi, Ghana ilitupa jiko la Chorkor, lenye jina la mtaa mmoja wa Accra: limejengwa kwa udongo, trei zake zinapangwa juu kwa juu, linakula kuni kidogo na moshi haumwingii mama machoni kama zamani. Kwa maoni yetu mkopo wa kwanza wa kikundi cha mwambao ungefaa uende kwenye kichanja cha pamoja, mbele ya mtumbwi. Mbao na wavu ni bei ndogo, na vinaokoa samaki ambao mama amekwisha kulipa.

Si kila mahali pana njia ya kando. Wamama wengi wa Tanganyika wana shamba la mihogo, wanaweza kuchanganya. Vitshumbi na Kyavinyonge ziko ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambako kulima hakuruhusiwi, na mradi wa bustani ulioandikwa Kinshasa hautapata pa kuotesha.

Juu ya sheria, kuna jambo ambalo wamama wengi hawajaambiwa. Kitabu cha sheria ya jamaa cha 1987 kilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume mbele ya kufanya mapatano ya kisheria. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliondoa sharti hilo. Mama anaweza kufungua akaunti na kutia sahihi ya mkopo kwa jina lake. Lakini ni vizuri mume ajue, maana deni lililofichwa linaleta vita nyumbani, na hilo nalo linafika kwa mchungaji.

Swali la riba linarudi kila tunapofundisha. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza maskini riba, na Kumbukumbu la Torati 23:19-20 inakataza kumtoza ndugu. Waamini wengine wanasema basi kikundi cha kanisa kisiongeze hata franka. Sisi tunaona tofauti: katika AVEC faida haiendi kwa tajiri anayekaa mbali, inarudi kwa wale wale waliolipa. Hata hivyo tunashauri sanduku la msiba litoe bila faida yoyote, kwa maana mtu aliye hospitalini ndiye hasa maskini ambaye Torati inamlinda. Na mchungaji asishike ufunguo, wala asikope, wala asidai sehemu ya kumi siku ya mgawo mbele ya watu; anayetaka kutoa atatoa siku ya Bwana.

Tangu mwezi wa kwanza 2025, mabenki ya Goma yalipofunga milango, wengi walioweka feza huko hawakuweza kuitoa, wakati vikundi vyenye sanduku havikuhitaji benki ili kugawana. Lakini sanduku lililojaa ni hatari pia mahali penye silaha. Vikundi vyenye busara havilazi feza: siku ya mkutano karibu yote inatoka kama mikopo, na inayobaki inagawanywa kwenye simu za watu tofauti. Wengine wanahesabu akiba kwa dola, kwa kuwa dola moja iliyokuwa karibu franka 930 mwaka 2015 ilifika karibu 2.800 mwaka 2024. Tarehe ya mgawo ni muhimu vilevile. Nchi nne za Tanganyika zimepatana kulipumzisha ziwa, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake toka tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane. Kikundi kinachoanza mzunguko mwishoni mwa mwezi wa nane na kuvunja sanduku mwanzoni mwa mwezi wa tano kina miezi minane na zaidi ya kuweka, na mgawo unaingia nyumbani siku chache mbele ya ufuko kunyamaza.